Barua Niliyoitia Muhuri: Kumsindikiza Mwalimu Hanan hadi Darajani

Hali ilivyokuwa kabla hatujaondoka

Mwalimu Hanan ni jirani yetu wa Al Amerat, mlango wa tatu kutoka kwetu. Husomesha hisabati katika skuli moja ya Qurum, na kila asubuhi huipanda barabara ya mlima kwa gari yake ndogo kabla jua halijawa kali. Alikuja Maskati pamoja na marehemu mumewe, wote wawili walimu, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Mumewe amezikwa hapa. Mwanawe Tariq anasoma uhandisi Malaysia. Mama yake, aliyepindukia miaka themanini, yuko Al-Quds, upande wa mashariki, katika nyumba ile ile aliyomzalia Hanan.

Kwa sheria ya mataifa, upande huo wa mji ni ardhi iliyokaliwa kwa nguvu za kijeshi, na wenyeji wake ni watu wanaolindwa. Mkaliaji husimamia kwa muda tu, wala hana mamlaka ya kuwageuza wenyeji kuwa wageni. Hivyo ndivyo nilivyosomesha chuoni mpaka nilipostaafu. Lakini sheria ya mkaliaji huwahesabu wenyeji hao kuwa ni wakaazi walioruhusiwa, mfano wa mgeni aliyepewa kibali. Mmoja wao akikaa nje miaka kadhaa, au ikaonekana kwamba kitovu cha maisha yake kimehamia kwingine, kibali hufutwa, na aliyezaliwa mtaani hapo hana tena njia ya kurudi kukaa kwao.

Mwalimu Hanan alikuwa akirudi kila likizo ya kiangazi. Kisha yakaja maradhi ya mumewe, kisha maradhi ya dunia nzima, kisha vita, na miaka ikapita. Sasa kitambulisho chake kilikuwa shakani, na mama yake alikuwa akimuuliza kwenye simu kila siku: lini? Wakili wake wa huko akamwambia akusanye kila karatasi inayothibitisha kwamba kwake ni Al-Quds na kwamba Maskati yupo kwa kazi, kisha avuke nazo mwenyewe daraja la mto Yordani, kupitia Amman. Miongoni mwa karatasi hizo alitaka ushahidi wa jirani, nao akaniomba mimi.

Mnajua desturi yetu ya barua ya tazkia. Huandikwa kwa ufasaha, humtaja mtu kwa wema wake, nayo hutiwa muhuri kabla hajakabidhiwa, kwa kuwa si adabu mtu kuzisoma sifa zake mwenyewe. Niliiandika kwa siku mbili. Katikati yake niliweka sentensi hii, ambayo Bi Zuwena, mke wangu, aliisikia nikiisoma akaipenda: “Ameishi nasi hata hatumhesabu tena kuwa mgeni; Maskati imekuwa kwao, na sisi tumekuwa ahali zake.” Nikaikunja, nikaitia bahashani, nikapiga muhuri wangu juu ya ukingo wa kifuniko, na nikampa.

Nyinyi wenzangu mliniuliza barazani yaliyotukuta Yordani, nami nikajibu maneno mawili kisha nikageuza mazungumzo. Haikuwa tabia nzuri. Nayaandika hapa kwa taratibu yaliyotokea. Khabari za tiketi na viza nimeziruka, hazina faida kwa yeyote.

Uwanja wa ndege wa Maskati

Tulisafiri watatu. Bi Zuwena alikuja kwa kuwa haikufaa mimi kumsindikiza Mwalimu Hanan peke yangu, na pia kwa kuwa hakuna aliyeweza kumzuia. Alibeba halua ya Maskati kilo mbili katika bakuli la plastiki lenye kifuniko, zawadi ya mama yake Hanan, na mkate wa kumimina wa njiani.

Ndege ilikuwa iondoke saa tatu asubuhi. Saa tatu ikawa saa tano, saa tano ikawa saa nane. Anga ya njiani ilikuwa imefungwa, na hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Tukakaa kwenye mkahawa mmoja ambako alituhudumia mama wa Kikenya aitwaye Naliaka, mtu wa Bungoma, aliyefurahi mno kusikia Kiswahili.

“Mzee, hii ndege yenu imeahirishwa tena,” akasema alipoleta chai mara ya tatu. “Si mkae tu hapa, kule kwingine hakuna viti.”

“Ahsante mwanangu,” Bi Zuwena akamjibu. “Lakini chai yako haina iliki.”

“Mama, hiyo ni ya mashine. Mashine haijui iliki.”

Wakacheka. Kisha Naliaka akamtazama Mwalimu Hanan, ambaye amejifunza Kiswahili kidogo kwa kukaa jikoni kwetu, akauliza, “Na madam, yeye ni wa hapa?”

Mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema ndiyo, ni wa kwetu huyu. Mwalimu Hanan akanitangulia. “La. Mimi nafanya kazi hapa. Kama wewe.”

“Aah, basi tuko pamoja,” Naliaka akasema, akaweka sinia chini. “Hapa ni kazi. Nyumbani ni nyumbani. Mimi nikitaka kwenda, shida ni likizo tu. Bosi akikubali, nimefika. Na wewe?”

“Mimi, bosi amekubali,” akasema Mwalimu Hanan. “Mlango ndio haujakubali.”

Naliaka hakufahamu, akatutazama mmoja mmoja. Bi Zuwena akamweleza kwa ufupi. Yule mama akasema, “Lakini si alizaliwa huko? Sasa mtu atakatazwaje kwao?” Akaenda, akarudi na vipande vitatu vya keki ambavyo hatukuviagiza, na akakataa kuvizungumzia.

Nilivutiwa na mazungumzo hayo. Nikatoa daftari langu nikayaandika kuwa ni mfano mzuri wa jinsi mtu wa kawaida anavyoelewa asili ya haki. Barua yangu ilikuwa ndani ya jalada la kijani, kwenye kiti cha pembeni yangu, na sikuifikiria hata kidogo.

Amman

Tuliondoka Magharibi ikikaribia. Siku ya pili, baada ya Adhuhuri, tukaketi kwenye hoteli ndogo ya chakula karibu na tulikofikia. Tuliletewa mansafu, nyama ya kondoo juu ya wali, na mchuzi wa maziwa makali ambao Bi Zuwena aliuonja, akautafakari, akasema kwamba ungepata nazi ungekuwa mtu.

Wakili akapiga simu kutoka Al-Quds. Mwalimu Hanan, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mafuta, aliiweka simu mezani sauti ikiwa wazi ili sote tusikie. Wakili alipitia karatasi moja moja: risiti za umeme wa nyumba ya mama, vyeti, mikataba ya skuli yenye kikomo. Kisha akasema:

“Na barua ya jirani. Hiyo, dada yangu, iseme mambo mawili tu. Kwamba uko huko kwa kazi, na kwamba ukipata nafasi hurudi kwako. Basi. Mapenzi yabaki nyumbani. Nimepata kuona jalada limeharibika kwa sababu ya mtu mwema aliyesifu kupita kiasi. Watu hao husoma kila neno.”

Mwalimu Hanan akacheka, akanitazama. “Usiwe na khofu. Aliyeandika ni Ustadh. Huyu hupima maneno kwa mizani ya dhahabu.”

“Inshallah kheri,” nikasema.

Naomba mlisome jibu hilo kama lilivyokuwa. Si ndiyo, wala si la. Nilikuwa naijua barua ile kwa moyo, kila herufi yake, na sentensi ya katikati ilinijia nzima, pamoja na sauti ya Bi Zuwena akiisifu. Niliielewa papo hapo. Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi kwamba pale mkataba wa haki za kiraia unaposema hakuna atakayenyimwa kiholela haki ya kuingia katika nchi yake mwenyewe, maneno “nchi yake mwenyewe” hayapimwi kwa pasi ya kusafiria pekee. Hupimwa pia kwa mafungamano ya mtu na mahali. Nami mafungamano ya Mwalimu Hanan nilikuwa nimeyang'oa Al-Quds, nikayapanda Al Amerat, na nikatia muhuri.

Jalada la kijani lilikuwa juu ya meza, baina ya sahani ya limau na mkono wangu. Ingenitosha kusema, “Umm Tariq, nipe ile bahasha.” Nilijiambia kwamba muhuri ukivunjwa barua itaonekana imechezewa. Nilijiambia kwamba msomaji mwadilifu atatambua kuwa hiyo ni lugha ya heshima tu. Ukweli ni kwamba niliona haya kukiri, mbele ya Mwalimu Hanan, mke wangu na wakili nisiyemjua, kwamba mimi ndiye niliyekosea jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingelikosea.

“Baba Salim,” Bi Zuwena akasema kwa Kiswahili, “mbona huli? Mkono umeuweka juu ya sahani kama unaisomea dua.”

“Nimeshiba.”

“Umeshiba nini, hata tonge ya pili hujatia. Nnakujua mimi. Kuna nini?”

“Hakuna kitu.”

Akanipakulia nyama zaidi.

Kuteremka bondeni

Asubuhi alituchukua dereva wa teksi, Abu Laith, mtu mnene mwenye bashasha ambaye babu yake alitoka Yafa. Barabara huteremka kutoka Amman hata masikio yakaziba, na joto huongezeka kila unapopinda kona. Mimi nilisema sana njiani. Nilimweleza Abu Laith tafauti baina ya haki ya mkimbizi kurejea na haki ya mkaazi kutong'olewa, na namna kila moja ilivyothibitishwa. Sasa najua kwamba nilikuwa nasema ili nisisikie mengine.

“Ustadh,” Abu Laith akasema, “vifungu hivyo sisi tunavijua kwa nambari, kama nambari za simu za jamaa. Tunapiga kila siku. Hakuna anayepokea.”

“Mwache,” Mwalimu Hanan akasema kutoka nyuma. “Ustadh akisoma vifungu, barabara hufupika.”

“Kwako wewe hufupika,” Bi Zuwena akamwambia. “Mimi nimeolewa navyo miaka thalathini na tano.”

Mwalimu Hanan alicheka mpaka akafuta macho. Alikuwa amevaa koti jipya la rangi ya zabibu, katika joto lile, kwa kuwa mama yake alimwambia kwamba anataka kumwona nadhifu. Tulipokaribia, akakiinamia kiti changu cha mbele akasema kwa sauti ya chini, “Ustadh, nikiwa ndani, kuna lolote nisilisahau?”

Hiyo ilikuwa mara ya pili niliyopata nafasi ya kukiri. Nikamwambia, “Sema kweli, na ujibu kile tu unachoulizwa.”

Darajani

Jengo la upande wa Yordani lina mabenchi marefu na mapangaboi ya darini yanayozungusha hewa ya moto. Wasafiri hupanda basi, basi huvuka mto, na huko upande wa pili huteremka mbele ya maofisa wengine. Sisi tusiovuka tuliishia kwenye mabenchi. Saa tatu asubuhi Mwalimu Hanan alipanda basi, jalada mkono mmoja, bakuli la halua mkono wa pili. Hakupunga mkono kwa kuwa hakuwa na mkono mtupu wa kupungia.

Tukangoja. Karibu yetu ilikaa jamaa iliyokuwa ikimngojea mtu atoke, nayo ikatugaia mkate wa zaatari, wenye majani makavu na ufuta, na jibini nyeupe. Babu wa jamaa hiyo aliitazama sana dishdasha yangu na kilemba changu.

“Wewe ni wa Oman.”

“Naam.”

“Mmekuja kusuluhisha?” Akawageukia wenzake. “Watu wa Oman husuluhisha. Huyu lazima ni mjumbe.”

Nikamwambia la, mimi ni mwalimu mstaafu, nimemsindikiza jirani yangu anayekwenda kumwona mama yake.

“Basi wewe ni bora kuliko wajumbe,” akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na akaongeza jibini kwenye mkate wangu. Nilikula. Sikujua pa kuutazamisha uso wangu.

Saa tisa alasiri liliingia basi la kurudi. Mwalimu Hanan alikuwa wa mwisho kuteremka. Koti amelivua, jalada liko chini ya kwapa, na mkono wa pili ulikuwa mtupu.

“Halua imepita, Umm Salim,” akamwambia mke wangu. “Nimempa mama mmoja wa mtaani kwetu, ataifikisha. Mimi nimerudi.”

Bi Zuwena akamkumbatia. Hatukuuliza pale pale. Abu Laith alituona tukija watatu, akafungua milango, na akazima redio.

Amman tena

Alitusimulia kwenye ukumbi wa hoteli, mbele ya chai. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani.

“Waliniuliza: unaishi wapi? Nikasema: kazi yangu iko Maskati, kwangu ni Al-Quds. Wakachukua jalada, wakafungua kila bahasha. Yako, Ustadh, waliifungua kwa kisu kidogo, kwa adabu kabisa. Aliyeisoma alikuwa mtu mzima, Kiarabu chake kizuri. Aliisoma mara mbili. Akaniambia: aliyeandika haya ni mtu wa elimu, na anakupenda. Kisha akanisomea mstari mmoja kwa sauti. Maskati imekuwa kwao. Akaniuliza: basi kwenu si umeshakupata?”

“Ukamjibu nini?” akauliza Bi Zuwena.

“Nilimwambia: hiyo ni heshima ya jirani. Akasema: naam, na ni ushahidi pia. Wakachukua nakala. Wakaniandikia karatasi ya kunirudisha.”

Bi Zuwena alinigeukia. Nadhani wakati huo ndipo alipoelewa kwa nini sikula mansafu. Aliyesema ni Mwalimu Hanan.

“Ustadh. Wakili alipozungumza pale mezani, ulijua?”

Nilitaka kumweleza habari za wazee wetu. Kwamba sisi tulitoka Unguja na mabegi tu, tukafika hapa, na neno kubwa tuliloambiwa lilikuwa: hapa ni kwenu. Kwamba neno hilo ndilo tulilo nalo la thamani kuliko yote, na ndilo tunalompa tunayempenda. Nilianza hata kulisema hilo. Akaniacha nimalize sentensi mbili.

“Nyinyi mlipewa nchi, Mwenyezi Mungu aliyekupeni akuzidishieni,” akasema. “Mimi nchi ninayo. Sikuomba nyingine. Niliomba shahidi.” Kisha akauliza tena, kwa sauti ile ile, kama anayemrudia mwanafunzi aliyelikwepa swali. “Ulijua?”

“Nilijua.”

Akaisukuma gilasi yake kando.

“Ungeniambia, ningeliiacha hotelini. Nilikuwa na karatasi nyingine thalathini.”

Hakuinua sauti. Alisimama, akamuaga Bi Zuwena kwa kumbusu, akaniambia “Tusbihu ala kheri, Ustadh,” salamu ya kulalia, ingawa jua lilikuwa bado juu, na akaenda chumbani kwake kumpigia mama yake.

Bi Zuwena hakunigombeza. Ningependa lau angenigombeza. Alikusanya gilasi zote tatu kwenye sinia, ingawa kulikuwa na mtu wa kazi hiyo, akasema, “Na mimi niliisikia barua ile nikasema nzuri. Lakini mimi sikusomesha sheria.”

Ndegeni Mwalimu Hanan aliomba kiti cha mbali kidogo, akasema anataka kulala. Tulipofika, alikuwa wa kwanza kutubebea mzigo mpaka garini.

Yaliyofuata

Mwenye kosa la kumnyima mtu mlango wa kwao ni yule aliyeushika mlango, na kwa hilo sheria iko wazi wala sina shaka nayo. Lakini mimi nilikuwa na sehemu yangu, nayo haipungui kwa kuwa ya mwingine ni kubwa zaidi. Kosa la kalamu ningeweza kulistahamili. Lile la mezani, nilipokuwa nimeshajua na mkono wangu uko karibu, ndilo ninaloamka nalo. Baadhi yenu, mliosikia khabari ya barua tu, mmenipa pole, mkasema nia yangu ilikuwa njema. Ilikuwa njema mpaka Amman.

Maombi yake ya kubaki na kibali cha ukaazi yalikataliwa kwa maandishi, na sentensi yangu imo katika sababu, imetafsiriwa kwa uangalifu. Wakili amekata rufaa. Nimeapa na kuandika ushahidi wa pili, mistari minne. Wakili ameupokea, akanitahadharisha kwamba wa kwanza ndio utakaosomwa. Mwalimu Hanan bado hutusalimu kila asubuhi, na Ijumaa huja kukaa na Bi Zuwena jikoni. Nikiingia, huniuliza khabari za afya.

Mwezi uliopita mama yake alivushwa daraja kwa kiti cha magurudumu, kwa kuwa yeye bado ana ruhusa ya kutoka na kurudi. Walikaa pamoja Amman siku nane. Siku ya tisa mama akarudi Al-Quds, na Mwalimu Hanan akarudi Maskati.